Kinyago kutoka kwa boksi tupu

Maboksi mengi yanayotoka soko la Kongowea huishia motoni au kwenye mitaro, kisha mvua ikinyesha maji hukosa njia. Boksi moja safi latosha vinyago viwili vya watoto, na likizo ya shule ndiyo nafasi nzuri ya kazi hii.

Kinyago si kitu kigeni Pwani. Wachongaji wa ushirika wa Akamba kule Changamwe, ulioanzishwa 1963, wanavichonga kwa mti. Wamakonde, ambao Serikali iliamua mwaka wa 2016 kuwapa vitambulisho baada ya kuishi Kwale miaka mingi bila uraia, wana mapiko: vinyago vinavyovaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo. Kwa hivyo macho ya kinyago si lazima yawe mahali pa macho ya mvaaji. Mtoto akilijua hilo, huchora kwa uhuru zaidi.

Kunja karatasi katikati, chora nusu ya uso, kata, kisha ifungue. Pande zote zitalingana. Ilaze juu ya boksi ukihakikisha mistari ya ndani ya boksi inatoka juu kwenda chini. Ikilala upande, kinyago hakitapinda kufuata uso, kitavunjika. Kata kwa mkasi; wembe ni wa mtu mzima pekee. Kwenye kidevu na paji la uso chanja mkato wa sentimita nne, pandanisha kingo na uzibane kwa gundi. Hapo boksi bapa hupata umbo la uso. Pua na nyusi zijengwe kwa vipande vya magazeti vilivyochovywa kwenye uji wa unga wa ngano.

Wengi huharibu kazi wakati wa rangi. Ukipaka upande mmoja tu, boksi hujikunja linapokauka, basi paka nyeupe nyembamba mbele na nyuma kwanza. Kwa unyevu wa hapa Mombasa, acha kinyago kilale usiku mzima kabla ya rangi ya pili. Tumia rangi ya maji ya shule. Mabaki ya rangi ya mafuta ya geti au mashua yasitumiwe: nyingine, hasa za zamani, zina madini ya risasi, na kinyago hukaa puani na mdomoni mwa mtoto.

Kabla ya kufunga lastiki, mvalishe mtoto asimame akitazama mbele. Mtu mwingine asimame kando yake na kuinua vidole. Mtoto akishindwa kuvihesabu bila kugeuza kichwa, panua matundu kuelekea masikioni. Hata baada ya hapo kinyago kivaliwe uani au ukumbini. Kwenye Barabara ya Links, au popote penye bodaboda, kishikwe mkononi.