Gari la Parokia Linapokosa Sailensi

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia tatizo ambalo wajumbe wa kamati za parokia za mlimani wanalifahamu vizuri. Gari la zamani la petroli limesimama, mguu wa dereva hauko kwenye mafuta, lakini injini haitulii. Inapanda, inashuka, inapanda tena, na wakati mwingine inazimika yenyewe. Mafundi husema gari halina sailensi. Gari dogo la petroli likishapata joto hutakiwa kutulia, kwa kawaida, kwenye mizunguko 650 hadi 850 kwa dakika. Asubuhi ya baridi kule Marangu au Kibosho injini hunguruma kwa nguvu zaidi kwa dakika chache. Huo si ugonjwa.

Kamati nyingi hulichukulia jambo hili kuwa usumbufu tu, au hofu ya gharama. Sisi tunaanza na breki. Katika gari la petroli, busta ya breki hupata nguvu zake kutokana na injini inavyovuta hewa. Injini ikizimika, nguvu iliyobaki kwenye busta inatosha kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito. Fikirieni hilo likitokea kwenye mteremko wa kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, gari limejaa watu na ndizi. Kwa hiyo, gari ambalo halijatengenezwa literemke kwa gea ndogo, na ile tabia ya kuteremka na nyutro ili kuokoa mafuta ikome kabisa.

Sasa chanzo. Mara nyingi ni hewa. Injini ikiwa kwenye sailensi inahitaji hewa kidogo sana, iliyopimwa. Mpira ukipasuka au gasketi ikichoka, hewa nyingine inaingia bila kupimwa. Katika gari la kabureta, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno na injini inatetemeka. Katika gari lenye kompyuta ya injini, mizunguko inapanda. Kompyuta inaona kwamba dereva hakukanyaga mafuta, hivyo inakata petroli. Mizunguko inashuka, kompyuta inarudisha petroli, na mchezo unaanza upya. Mwendo huo wa kupanda na kushuka kwa mpangilio ni dalili nzuri: injini yenyewe huenda ni nzima.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji vifaa. Fungeni boneti injini ikiwa inaunguruma kwenye sailensi? Hapana, ifungueni, msikilize kama kuna mlio wa kufyonza hewa. Shikeni mipira mmoja mmoja, mkiibana kwa plaizi taratibu. Mpira ukibanwa na injini ikatulia, mmepata njia inayovujisha. Anzeni na ule mnene unaokwenda kwenye busta. Kisha zimeni injini, kanyageni breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, mguu ubaki juu yake, halafu washeni. Pedeli inatakiwa kuzama kidogo. Isipozama, gari lisiteremke mlima. Aitwe fundi hapo lilipo. Wako wanaotafuta uvujaji kwa kunyunyizia petroli juu ya injini inayounguruma. Msikubali, ni kuita moto.

Pili, tazameni maji ya rejeta, injini ikiwa ya baridi. Wengi hushangaa, maji na sailensi vinahusianaje? Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, maji ya injini hupita kwenye valvu inayoongeza hewa wakati wa baridi. Maji yakipungua, valvu haipati joto na inabaki wazi. Tumeona watu wakitafuta sensa huku kinachohitajika ni maji na kuziba panapovuja.

Tatu ni uchafu. Mlango wa hewa unaofunguka dereva anapokanyaga mafuta hushika masizi meusi, pamoja na valvu ya sailensi iliyo kando yake. Kwa vumbi letu la kiangazi, chujio la hewa nalo lisisahauliwe. Dawa ya kusafishia kabureta na kitambaa safi vinaweza kumaliza kazi. Plagi zikaguliwe wakati huohuo.

Magari ya kabureta yana jambo moja la hapa kwetu. Moshi mjini ni zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na parokia nyingi ziko juu zaidi. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya saba kuliko Dar es Salaam. Kabureta iliyorekebishwa pwani itamwaga petroli nyingi mno huku: moshi mweusi, plagi nyeusi, harufu, na injini kuzimika. Irekebishwe mahali gari linapolala.

Dizeli ni habari nyingine. Huko tafuteni hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta.

Tahadharini na fundi anayeongeza skrubu ya sailensi kabla ya kutafuta chanzo. Gari litaacha kuzimika, litakula mafuta, na ufa utaendelea kupanuka. Anayesema moja kwa moja kwamba injini imekwisha, mwombeni kwanza apime mgandamizo wa kila silinda na aandike namba. Kulaumu mafuta machafu nako kusiwe jibu la haraka, hasa tangu EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Kwa wafadhili wetu: bajeti ya parokia ikionyesha mipira, gasketi na plagi, msiione kuwa ndogo mno kuchangia. Ni rahisi kupata mtu wa kutoa gari kuliko wa kutoa mpira wa busta, na gari bila mpira huo halimfikishi mgonjwa KCMC.

Kamati ziweke daftari ndani ya gari. Dereva aandike tarehe, mizunguko injini ikiwa ya moto, na kifaa kilichobadilishwa. Kifaa cha zamani kirudishwe kwa mweka hazina pamoja na risiti.