Hisa za Teksi za Angani na Mali ya Mayatima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Tulikwenda Kahawa Sukari, karibu na Ruiru, kuwasomesha vijana wetu waliotoka pwani kwa ajili ya masomo na kazi. Njiani tulikawia sana katika msongamano wa magari wa barabara ya Thika. Baada ya darasa, kijana mmoja wa Mombasa akatwambia: "Sheikh, taabu hii i karibu kwisha. Zaja teksi za angani za umeme, zipaazo wima kama helikopta, na kampuni zake zauza hisa huko Marekani. Je, ni halali kuzinunua?"

Tukamuuliza: "Mwanangu, fedha ni zako?"

Akanyamaza, kisha akajibu: "Zangu ni chache. Nyingine ni za ndugu zangu wadogo wa kike, fungu lao katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Na thuluthi yake nimeshaitia."

Twaona suali hili lafaa kujibiwa hapa kwa urefu, kwani si la kijana mmoja tu.

Kwanza, yatupasa kujua hisa ni nini. Anunuaye hisa huwa mshirika katika mali ya kampuni. Hupata sehemu ya faida na hubeba sehemu ya khasara. Ushirika una asili katika sharia yetu, na kurusha ndege si kazi ya haramu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jidda mwaka 1992 lilikubali kushiriki katika kampuni zenye kazi na makusudio ya halali. Lakini lilisema pia kwamba asili ni haramu kushiriki katika kampuni ambayo mara nyingine huingia katika riba, ijapokuwa kazi yake kubwa ni halali. Wako wanavyuoni waliolegeza kwa masharti. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, kwa mfano, imeweka mpaka kwamba deni la riba la kampuni lisifike asilimia 30 ya thamani ya hisa zake sokoni, na kwamba mwenye hisa aitoe sehemu ya pato lisilo safi. Kampuni hizi za ndege hukusanya fedha nyingi kabla hazijauza kitu, na huziweka fedha hizo mahali zinapozaa riba. Basi mnunuzi na asome hesabu zake za mwaka, asitosheke na picha ya ndege.

Pili, na atazame anachouziwa. Baadhi ya madalali wa kwenye simu hawauzi hisa hata kidogo. Huuza mkataba wa kushindania kupanda na kushuka kwa bei, na mnunuzi hamiliki chochote katika kampuni. Huo si ushirika. Ni kamari iliyovishwa kanzu. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho, itakuwaje biashara ambayo wote wawili hawana kitu?

Tatu, ahadi si akidi. Mwaka 2022 kampuni ya Fahari Aviation, tawi la Kenya Airways, iliandikiana na kampuni ya Eve, iliyotokana na Embraer ya Brazil, khabari ya ndege za namna hii zisizozidi 40. Watu wengi walisikia kana kwamba ndege zimekwisha kununuliwa. Iliyoandikwa ilikuwa barua ya nia. Kila mwanafunzi wa fiqhi ajua kwamba mwenye kusema "nitanunua" si sawa na mwenye kusema "nimenunua." Bei ya hisa ikipanda kwa ahadi, aliyenunua kwa bei hiyo amenunua ahadi.

Nne, mauti ya kampuni si jambo la mbali. Lilium ya Ujerumani, mwenye kutengeneza ndege za umeme, ilianza kuuza hisa zake katika soko la Nasdaq mwezi wa Septemba 2021. Oktoba 2024 ikatangaza kwamba matawi yake makuu hayawezi kulipa madeni, ilhali haijapata kumbeba abiria hata mmoja wa nauli. Tena kampuni yaweza kuwa hai na fedha yako ikafungwa. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa katika soko la Nairobi Julai 2020, zisirudishwe mpaka Januari 2025. Mwenye haja ya fedha zake katika miaka hiyo hakuwa na mlango wa soko wa kutokea.

Sasa twarejea kwa mali ya mayatima. Hatusemi ifukiwe ardhini. Imepokewa kwa Sayyidna Omar kwamba aliamrisha mali yao ifanyiwe biashara, isije ikaliwa na zaka. Lakini Qur'ani imeharimisha kuikaribia ila kwa njia iliyo bora kwao, na katika madhehebu yetu ya Shafi ndugu si walii wa mali kwa udugu wake tu. Walii ni baba, kisha babu, kisha aliyeusiwa, kisha Kadhi. Asiyeusiwa na asiyewekwa na Kadhi, akiitumia mali ile, ameichukua dhamana yake: ikipotea, atailipa yeye.

Tukamwambia kijana wetu mambo matatu. Auze hisa za thuluthi ile, na kama pana upungufu aujaze kwa mshahara wake, hata kwa kidogo kidogo. Aende mahakama ya Kadhi, uwalii ujulikane ni wa nani. Na akitaka kuingia katika biashara hii, akisha kuisafisha na riba, aingie kwa fedha yake mwenyewe, isiyokuwa ya deni, wala ya kodi ya nyumba, wala ya nafaka ya watoto.

Akasema: "Na bei ikipanda baada ya kuuza?"

Tukamjibu: "Itakuwa umekosa faida, na hilo hutaulizwa. Utakaloulizwa ni amana."

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.