Dada, Wamenikubali Valencia: Niende?

Mdogo wangu wa Salaita, hongera kwanza. Kufika mwaka wa pili chuoni ukisomea kilimo na usimamizi wa maji, huku mama akiuza ndizi soko la Taveta kila Jumatano na Jumamosi, si jambo dogo, na sitaki haya nitakayoyasema yafunike hilo.

Sasa tuje kwenye barua yako. Chuo kimoja cha Valencia, Uhispania, kimekukubali kwa masomo ya kiangazi cha kwao, wiki sita, Julai hadi Agosti. Umeniorodheshea karo, malazi na tikiti ya ndege, nikavijumlisha, nikanyamaza kidogo. Mzee anasema atauza ng'ombe, na pesa zikipungua atauza kile kipande cha shamba kinachopakana na barabara. Mama ameshatangaza kanisani. Mjomba amefungua kundi la WhatsApp la mchango. Wewe unaniuliza swali fupi: niende?

Valencia nenda. Ila usiende kwa barua hiyo, na shamba lisiguswe.

Ngoja nieleze kabla hujanikasirikia. Safari za namna hii ziko za aina mbili, na watu huzichanganya kwa sababu zote huja na karatasi yenye nembo ya chuo. Ipo ya kubadilishana wanafunzi: chuo chako na chuo cha kule vimetiliana sahihi, wewe unabaki mwanafunzi wa chuo chako, kule hulipi karo, na mara nyingi kuna posho ya kujikimu pamoja na nauli. Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya ndiyo maarufu zaidi, na vyuo vya Kenya vinaweza kushiriki. Maombi huyapeleki Brussels. Unaanzia ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako mwenyewe, maana wao ndio wanaokuteua.

Halafu ipo ya kulipia. Ni biashara halali kabisa. Vyuo vingi vya mwambao wa Mediterania huiendesha wakati wanafunzi wao wako likizo, na miongoni mwa wateja wake ni vijana wa Marekani. Bei imepangwa kwa mfuko wa huko. Kukubaliwa kwenye kozi kama hiyo hakumaanishi kwamba wamekuchambua kati ya maelfu. Ni kwamba sifa unazo na sasa wanangoja pesa. Isome tena barua yako pale wanaposema nafasi itathibitishwa malipo yakishapokelewa. Hiyo ni ankara, mdogo wangu, hata kama imeanza na pongezi.

Na kama mzee anaona nakuonea wivu, mkumbushe yaliyotokea Uasin Gishu. Wazazi walilipa kupitia mpango wa kaunti ili watoto wao wakasome Finland na Kanada. Wako waliouza mashamba na mifugo. Wengi wa watoto hao hawakupanda ndege, na kati ya waliofika Finland wako waliotishiwa kufukuzwa vyuoni kwa sababu karo haikufika. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret, na mambo yakafika mahakamani. Huo ulikuwa mpango wenye mhuri wa serikali ya kaunti! Sisemi chuo chako cha Valencia ni cha matapeli. Nasema shamba likishauzwa halirudi, hata kila mtu akiwa mwaminifu.

Hata pesa zingekuwepo kabatini, ningekuuliza jambo jingine: ukirudi, chuo chako kitayatambua masomo hayo? Ulaya hupima masomo kwa krediti za ECTS. Mwaka mzima ni krediti 60, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, ukijumlisha darasa na kusoma mwenyewe. Kozi ya krediti 6 basi ni kazi ya saa 150 au zaidi. Mkuu wa idara asipoweka sahihi kabla hujaondoka kwamba zitaingia kwenye rekodi yako, utarudi na cheti cha kutundika sebuleni, na pengine umekosa mitihani huku, kwa sababu kalenda zetu na zao hazilingani. Kwenye Erasmus+ makubaliano haya huandikwa mapema na kutiwa sahihi na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Ile barua yako haina kitu kama hicho. Na mkopo wa HELB wala basari ya CDF usivipigie hesabu kwa safari hii.

Sasa kwa nini bado nasema Valencia nenda? Maana umeniandikia kurasa mbili kuhusu ufuo wa bahari, majengo na kuuona ulimwengu, na hapo ndipo nilipokunja uso. Bahari unayo Mombasa. Kitu ambacho Valencia inacho, na ambacho wewe kati ya wasomaji wangu wote unapaswa kukiona, hukukitaja hata mara moja.

Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu la mji huo, wazee wanane huketi hadharani kusikiliza kesi za maji. Ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, kila mmoja akitoka kwenye mfereji wake unaochota maji ya mto Turia. Mtu aliyefungulia maji usiku wakati si zamu yake huitwa hapo. Aliyeacha kipande chake cha mfereji kikazibika huitwa hapo. Mashtaka husemwa kwa mdomo, hukumu hutolewa papo hapo, na sheria ya Uhispania inalitambua baraza hilo kama mahakama kamili. Mifereji yenyewe ina mizizi katika enzi za Waislamu waliotawala sehemu ile karne nyingi zilizopita. Mwaka 2009 UNESCO iliingiza baraza hilo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Wewe unatoka wapi? Unatoka tambarare kavu iliyo kilomita chache tu kutoka Taveta, ambako maji ya Kilimanjaro hutokeza kwenye chemchemi za Njoro na kutiririka na mto Lumi hadi Ziwa Jipe, na ambako Wataveta wamechimba mifereji tangu kale. Upande mmoja kuna migomba, upande wako kuna miiba na ndovu wa Tsavo wanaovunja matangi. Kilima cha Salaita chenyewe wageni hukijia kwa sababu ya vita. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, wakipigana upande wa Mwingereza, walikivamia wakarudishwa nyuma na Wajerumani na askari wao Waafrika. Waongoza watalii husimulia bunduki na mahandaki. Wachache husimulia kwamba jeshi la Mwingereza lilihitaji bomba la maji kutoka milima ya Bura, kwa sababu tambarare yenu haikuweza kunywesha watu na wanyama wengi kiasi kile. Unaona? Swali la maji lilikuwepo Salaita kabla ya babu yako.

Basi barua ya maombi iandike upya. Futa ule mstari wa kuwa na shauku ya tamaduni mbalimbali; wanausoma mara mia kwa siku. Anza na ugomvi mmoja wa zamu ya maji unaoufahamu kwa macho yako: nani alilalamika, chifu alisema nini, chama cha watumiaji maji kilishindwa wapi. Kisha waambie unataka kuketi mbele ya lile baraza la Alhamisi na kumhoji mkulima mmoja wa mfereji wa pale kuhusu jambo lilelile. Profesa anayefundisha umwagiliaji akiisoma hiyo, ataitafuta njia ya kukuleta. Uliza pia kuhusu mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 katika jimbo la Valencia. Watu waliobobea kugawana maji machache walilemewa na maji mengi yaliyokuja kwa saa chache, na wewe unajua mito yetu inavyoweza kukauka miezi kisha ikaja usiku mmoja na daraja.

Lakini usingoje Ulaya ndipo uanze. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chake cha utafiti Wundanyi, na wanafunzi kutoka Finland hupanda milima ya Taita kwa kozi za nyanjani, wakisoma misitu yetu, udongo wetu na hali yetu ya hewa. Yaani wenzako wanavuka bara zima kuja kusoma mlangoni kwako, na wewe hujapanda matatu ya Wundanyi! Nenda ukajitambulishe, uliza kama wanahitaji msaidizi wa nyanjani msimu ujao. Chuo Kikuu cha Taita Taveta nacho kimejenga uhusiano na vyuo vya Freiberg na Dresden, Ujerumani, kwenye uhandisi wa madini na mazingira, kwa ufadhili wa shirika la DAAD. Najua si chuo chako. Hata hivyo walimu wa vyuo vyetu wanafahamiana, na jina lako likitajwa na mtu aliyekuona ukifanya kazi lina uzito. Ukimaliza digrii, ziko pia shahada za uzamili za Erasmus Mundus, ambazo huombwa moja kwa moja na mshindi hulipiwa karo na kupewa yuro 1,400 kila mwezi. Kwa mtu mwenye alama zako, hiyo ndiyo safari ya kuiwekea akili.

Karatasi za safari zianze sasa, kwa sababu zinachosha. Pasipoti unaomba kupitia eCitizen, kisha unaenda mwenyewe kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Kwako Mombasa ndiyo karibu. Viza ya Schengen huombwa si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari, na utahitaji bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, ila sheria yao inawasamehe ada hiyo wanafunzi wanaokwenda kwa ajili ya masomo. Watu wengi hulipa kwa kutojua. Beba barua ya chuo, uliza dirishani kwa adabu, na uwe tayari kulipa gharama ya kituo cha huduma, ambayo ni kitu tofauti.

Kuhusu maisha ya kule: tafuta bweni la chuo, usijaribu kupanga chumba mjini Julai. Miji ya mwambao ule hufurika watalii, kodi hupaa, na mwaka 2024 wakazi wa Barcelona waliandamana kulalamikia jambo hilo. Jua la Julai huzama saa tatu na nusu usiku, na chakula cha jioni huja baada ya hapo. Wali wao wa paella, ambao mimi nauona kama pilau iliyosahau viungo, kijadi una kuku, sungura na maharagwe. Tembea na nakala ya pasipoti. Kwenye mitaa ya ufuoni vijana wa Kiafrika huuza miwani na mikoba, polisi huwafukuza, na siku moja polisi huyohuyo anaweza kukuomba karatasi wewe unayetoka maktaba. Inaudhi. Toa karatasi, jibu kwa utulivu, ukifika bwenini mpigie rafiki umalize hasira zako huko. Na atakayekushauri ubaki viza ikiisha, hata akiwa ni ndugu, usimsikilize.

Mjomba mwambie afunge lile kundi kwa sasa na kila mtu arudishiwe chake, kwa majina na kwa M-Pesa, ili mwakani ukija na barua ya udhamini inayohitaji nauli ya Nairobi na bima tu, watu wachange bila kinyongo.

Umeniuliza pia kama ununue lile koti la mtumba uliloliona Voi. La nini? Valencia mwezi wa Agosti ina joto la unyevu la kulowesha nguo, kama Mombasa mwezi wa pili. Nunua viatu vizuri vya kutembelea.