Damu Isiyoachia Oksijeni: Kutambua Himoglobini za Kurithi Zinazoongeza Chembe Nyekundu

Himoglobini hupokea oksijeni mapafuni na kuiachia kwenye tishu. Wapo watu waliorithi himoglobini inayoishika oksijeni kwa nguvu mno. Tishu zikipungukiwa, figo hutoa homoni ya erithropoietini, nao uboho huzidisha chembe nyekundu. Himoglobini ya kwanza ya aina hii kuelezwa ni Hb Chesapeake, mwaka 1966, nchini Marekani. Mzazi mmoja mwenye jeni hiyo anatosha kumrithisha mtoto.

Hatari iko katika jina la ugonjwa. Wingi wa chembe nyekundu hufanana na saratani ya damu, na kijana asiye na saratani anaweza kupewa dawa zake kwa miaka mingi.

Hata hivyo, mgonjwa akitokea Kagongwa, mkoani Shinyanga, sababu za kawaida zitangulie: sigara, moshi wa mkaa, injini za dizeli kwenye mashine za kukoboa mpunga, mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la machimbo. Gesi ya kaboni monoksaidi ni ya kuangaliwa kuliko zote. Kifaa cha kidoleni hakiitambui, na yenyewe huifanya himoglobini ya kawaida ing’ang’anie oksijeni kama ile ya kurithi. Ipimwe kwanza.

Kisha hupimwa erithropoietini na jeni ya JAK2. Takriban asilimia 95 ya wenye saratani hiyo wana badiliko moja la JAK2, na homoni yao kwa kawaida huwa chini. Kwa aliyerithi, badiliko halipo na homoni huwa ya kawaida au juu. Kipimo cha P50 huonyesha shinikizo la oksijeni ambapo nusu ya himoglobini imeibeba. Kawaida ni takriban milimita 26 za zebaki; ikishuka bila kaboni monoksaidi, shaka ya kurithi huwa kubwa. Damu ipimwe ingali mbichi.

Kipimo cha selimundu kisichoonyesha kasoro hakiondoi shaka hiyo. Hata elektroforesisi huweza kuikosa, kwa kuwa baadhi ya himoglobini hizi husafiri sambamba na ile ya kawaida. Usomaji wa jeni ndio unaokata shauri.

Kupunguza damu kusifanywe kwa mazoea: wingi wa chembe ndio unaofidia oksijeni isiyoachiwa. Swali lisilo na gharama ni kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja amewahi kuambiwa ana damu nyingi.