CD inakubali kwenye kompyuta, inakataa kwenye redio

Swali: Nimechoma nyimbo za taarabu kwenye CD. Kompyuta inazipiga vizuri, lakini redio ya gari langu la zamani inaikataa. Nifanyeje?

Jibu: Yaelekea ulichoma mafaili ya MP3 kama data. Redio nyingi za zamani husoma CD ya muziki pekee. Chukua CD-R tupu, si CD-RW, kisha kwenye programu ya kuchomea, kama Windows Media Player, chagua CD ya muziki badala ya CD ya data. Programu yenyewe itazigeuza nyimbo. CD ya MB 700 hubeba dakika 80 tu za muziki, hata mafaili yawe madogo namna gani. Choma kwa kasi ndogo, usiitoe kabla kazi haijakamilika. Na mafaili usiyafute: CD huchubuka.