Laptopu Yenye Linux: Unanunua Nini Hasa?



Ndugu zangu wanafunzi, somo letu mara hii ni la sokoni. Wengi wetu tukienda kununua laptopu tunauliza bei, tunauliza ukubwa wa diski, basi. Mfumo endeshi tunamwachia muuzaji. Tuutazame leo, hasa kwa anayetaka mashine iliyokwisha kuwekewa Linux.

Linux si mgeni Rwanda. Waliosoma shule za msingi hapa nchini huenda wanaikumbuka laptopu ndogo ya kijani na nyeupe, yenye antena mbili kama masikio. Hiyo ni XO ya mradi wa One Laptop per Child, ulioanza kuingia nchini mwaka 2008, na zaidi ya laptopu 200,000 ziligawiwa mashuleni. Ndani yake ilikuwa Fedora, ambayo ni Linux, na juu yake sura ya watoto iitwayo Sugar. XO ya kwanza ilikuwa na RAM ya megabaiti 256 tu! Mtoto aliibonyeza ikawaka, wala hakuhitaji fundi wa kutafuta draiva, kwa sababu waliounda mashine ndio waliouandaa mfumo wake. Hiyo ndiyo faida ya Linux ya kiwandani ukiilinganisha na ile unayowekewa na rafiki hosteli, halafu asubuhi unakuta Wi-Fi haishiki.

Wanaouza mashine za namna hiyo ni makundi mawili. Kuna kampuni kubwa: Dell ilianza kuuza kompyuta zenye Ubuntu mwaka 2007, na mwaka 2012 ikatoa XPS 13 maalumu kwa waandishi wa programu. Lenovo nayo mwaka 2020 ilianza kuuza baadhi ya ThinkPad zikiwa na Fedora. Kisha kuna maduka yanayoishi kwa Linux peke yake, kama System76 ya Denver, Marekani, iliyoanzishwa 2005, Tuxedo ya Ujerumani, Slimbook ya Hispania na Star Labs ya Uingereza. Kazi yao ni nzuri. Lakini kwa mwanafunzi anayekaa hapa Nengo mimi siwapendekezi. Utalipa kwa kadi, utalipa usafiri na kodi, na siku kibodi ikiharibika garanti yako iko ng'ambo ya bahari.

Kilicho karibu nasi ni kitu kingine. Tazama maboksi ya laptopu mpya za bei ya kati, hasa za HP: baadhi yameandikwa FreeDOS. Huu ni mfumo mdogo wa bure aliouanzisha Jim Hall mwaka 1994. Kiwanda kinauweka ili kiuze mashine bila kulipia leseni ya Windows. Sasa boksi linasema FreeDOS, lakini unakabidhiwa laptopu yenye Windows kamili, na Office juu yake. Imetoka wapi? Mara nyingi imechakachuliwa.

Hapa fiqhi ya biashara inatuhusu moja kwa moja. Katika Sahihi Muslim, Abu Hurayra (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Windows ya kuchakachua ni unyevu wa chini ya rundo. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait Desemba 1988, liliamua katika azimio namba 43 kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Tukiacha hukumu, kuna hasara ya dunia: vile vijiprogramu vya kufungulia leseni ni njia inayojulikana ya kuingizia virusi, na tasnifu yako imo humo humo.

Kwa mwenye bajeti ndogo anayetazama mitumba, ajue kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 rasmi haizikubali nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. ThinkPad au Latitude ya zamani, yenye RAM ya gigabaiti 8, inabeba Linux bila taabu.

Basi nenda dukani na flashi yenye Ubuntu. Iwashe mashine kutoka kwenye flashi. Haigusi diski mpaka uiamuru. Jaribu Wi-Fi kwanza, ndiyo inayosumbua zaidi, na kadi za Broadcom zina sifa mbaya ya siku nyingi. Kisha sauti, kamera, mwanga wa skrini, na ufunike kifuniko uone kama inalala na kuamka. Muuzaji akinuna, mwambie kwa upole kuwa kwa madhehebu ya Shafi mna khiyari nyote wawili mpaka mtakapoachana, na wewe bado uko mbele ya kaunta yake.

Kabla ya yote hayo, uliza idarani kwako programu zinazotumika. LibreOffice, R na Python zimo kwenye Linux. AutoCAD haina toleo la Linux. Anayesoma ujenzi na akaambiwa lazima aitumie, anunue mashine yenye leseni halali ya Windows, asijisumbue.

Mkikubaliana, omba risiti ya EBM, na juu yake iandikwe namba ya mashine iliyobandikwa chini pamoja na mfumo uliotajwa kwenye boksi, uwe FreeDOS au Ubuntu. Ukirudi baada ya wiki mbili na skrini iliyozima, hakutakuwa na ubishi kuhusu mashine ipi uliuziwa, wala nani aliyeweka nini ndani yake.