Panya na Waya za Gari la Karafuu

Wanachama wa upande wa Konde hawajasahau mkasa wa msimu uliopita. Siku ya kwanza ya uchumaji, lori tulilolitegemea kwa kuchukulia karafuu mbichi lilikataa kuwaka. Betri ilikuwa nzima, mafuta yamo, na dereva alikuwa amekwisha kulipangusa likang'ara. Fundi alipofunua boneti alikuta kiota cha panya juu ya injini, kimefumwa kwa nyuzi za gunia na makumbi ya nazi, na waya nne zimegugunwa hata shaba yaonekana. Matengenezo yalichukua siku mbili. Karafuu zilizokwisha chumwa zililala ndani ya magunia, na kila mwenye shamba ajua maana ya hayo: karafuu mbichi iliyorundikwa hupata moto, huchacha, na ikianikwa hutoka imepauka, haipati bei ya daraja la kwanza. Wachumaji walitaka ujira wao vile vile, na haki walikuwa nayo.

Kwa hivyo somo la safari hii si la miche wala la majamvi, ni la panya.

Watu wengi hudhani panya huguguna waya kwa njaa. Sivyo. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na asipoyasaga kwa kutafuna vitu vigumu yatamshinda. Leo atatafuna ubao, kesho mpira wa maji, kesho kutwa waya. Gari hakulifuata kwa ajili ya waya. Alifuata mahali pakavu, penye giza na vuguvugu. Injini iliyozimwa magharibi hukaa na joto kwa saa kadhaa, na usiku wa masika hakuna nyumba iliyo bora kwake kuliko hiyo. Mlango hahitaji. Panya mdogo wa kabatini hupita kwenye tundu la milimita 6, nalo gari lina matundu makubwa kuliko hayo kila upande wa chini.

Sasa tuseme kweli: sisi wenyewe ndio tunaomkaribisha. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno makubwa gari halipumziki. Mwaka wa mavuno haba hukaa chini ya banda la makuti miezi mingi, na polepole hugeuka kuwa ghala. Leo huwekwa magunia matupu, kesho makopa ya muhogo, halafu nazi chache, na chini ya kiti cha dereva kipande cha mkate wa mofa kilichosahauliwa. Panya mweusi wa darini ni mpandaji hodari; hushuka kutoka kwenye makuti hadi kwenye boneti kama mtu ashukavyo ngazi. Na pua yake isidharauliwe. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Ikiwa buku hunusa bomu chini ya udongo, binamu yake atashindwaje kunusa mkate chini ya kiti?

Basi kazi ya kwanza ni kutoa kila kitu ndani ya gari, na magunia zaidi ya vyote, maana gunia ndilo kitanda chake. Makumbi, makonyo na kuni zisirundikwe karibu na gari. Gari lisilo na kazi liwashwe na kuendeshwa kidogo kila wiki, na boneti ifunuliwe kila mara. Tazama juu ya betri, ndani ya kasha la chujio la hewa, nyuma ya injini, na chini ya dashibodi. Ukiona mavi ya panya, nyuzi zilizochanwa, au ukisikia harufu ya mkojo, usiwashe kwanza. Fungua kichwa cha hasi cha betri, kisha ukague waya moja moja kwa tochi. Waya iliyovuliwa ngozi ikigusa bodi ya gari hutoa cheche, na penye mafuta na kiota kikavu, cheche moja yatosha kuteketeza gari pamoja na banda.

Tumeulizwa mara nyingi kama kifuko cha karafuu kikiwekwa ndani ya injini hufukuza panya. Tungependa sana jibu liwe ndiyo, maana tungepata soko jipya! Harufu yake kali yaweza kumkera kwa siku chache, lakini joto la injini huipunguza upesi, na panya mwenyewe huizoea. Pilipili ni vivyo hivyo. Ukiipaka, mvua huiosha. Kampuni ya Honda huuza utepe wa kuzungushia waya uliotiwa ukali wa pilipili, nao wafaa zaidi kwa kuwa ukali umo ndani ya utepe wenyewe. Asiyeupata na avishe waya mirija ya plastiki yenye mikunjo iuzwayo madukani kwa vipuri, na matundu makubwa yazibwe kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Lakini wavu usizuie upepo wa rejeta, wala usikaribie feni, mikanda au bomba la moshi.

Fyuzi ikiungua baada ya panya kupita, kuna mafundi wa njiani watakaokuambia uweke karatasi ya sigara. Usikubali. Fyuzi imeungua kwa sababu kuna waya inayogusa pasipotakiwa. Ukiifunga kwa karatasi, itakayoungua badala yake ni waya, na pengine gari zima.

Panya wenyewe wategwe. Mitego ya kubana iwekwe kando ya ukuta, si katikati ya banda, na chambo bora ni nazi ya kuchoma. Sumu hatuipendi. Hailaliki pamoja na karafuu ghalani, kuku na watoto huifikia, na panya aliyeila huenda akafia ndani ya gari usipoweza kumtoa. Tena paka au babewatoto akimla panya huyo, naye hudhurika. Tunajua kwamba wengi humchukia babewatoto kwa mlio wake, lakini hakuna mlinzi wa banda anayefanya kazi usiku kucha bila mshahara kama yeye.

Kiota kisitolewe kwa mikono mitupu. Mkojo wa panya hubeba ugonjwa unaoitwa homa ya mgunda, ambao mwaka 2022 uliua watu mkoani Lindi. Vaa glavu, ulowanishe kiota kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu kabla ya kukigusa ili vumbi lisiruke, kisha ukizike na unawe kwa sabuni.

Dereva wa lori lile sasa hulilaza chini ya paa la bati, mbali na makuti, na kila jioni huacha boneti wazi ili injini ipoe upesi na giza lipungue. Wenzake humcheka kwamba lori lake lapunga upepo. Tangu aanze hivyo, hajakuta kiota tena.